Timu ya Taifa Haiokotwi Njiani

Mwezi wa Julai mwaka 1980 timu mbili za Afrika zilicheza mpira wa magongo katika Michezo ya Olimpiki mjini Moscow. Moja ilikuwa timu ya wanaume wa Tanzania. Nyingine ilikuwa timu ya wanawake wa Zimbabwe, nchi ambayo wakati huo ilikuwa haijatimiza hata miezi minne tangu kupata uhuru wake. Hapana hata moja kati ya timu hizo iliyofika huko kwa kushinda mashindano ya kufuzu. Zote mbili zilialikwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi na mataifa yaliyosusia michezo kwa ajili ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Vijana wetu walifungwa na India mabao 18 kwa 0, wakafungwa na wengine wote waliokutana nao, wakarudi nyumbani wakiwa wa sita kati ya timu sita. Wanawake wa Zimbabwe hawakufungwa hata mara moja. Walishinda michezo mitatu, wakatoka sare miwili, na tarehe 31 Julai waliichapa Austria mabao 4 kwa 1 na kutwaa nishani ya dhahabu, katika mwaka ule ule ambao wanawake walicheza mchezo huo katika Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Ndugu msomaji, jambo hili lastahili kufikiriwa kwa makini kuliko lilivyofikiriwa mpaka leo. Mara nyingi twasikia habari za Moscow zikisimuliwa kama kichekesho kwa upande mmoja na kama muujiza kwa upande mwingine. Hayakuwa kichekesho wala hayakuwa muujiza. Timu zote mbili zilikuwa za ridhaa. Wachezaji wake walikuwa watu wenye kazi zao, wasiolipwa mshahara kwa kucheza. Zote zilipata muda mfupi wa kujitayarisha. Zote zilikuta kiwanja cha nyasi bandia, na wale wanawake walikuwa hawajapata kukikanyaga hata siku moja. Basi ni kitu gani kilichozitenga?

Wako watakaosema kwamba mashindano ya wanawake yalikuwa mepesi, kwa kuwa timu nyingi kubwa hazikuwapo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini waliokuwapo walikuwa Urusi wenyewe wakicheza nyumbani, Chekoslovakia, Poland na India, na hao hawakuwa watu wa kupuuzwa. Sababu iliyo na uzito zaidi ni kwamba wanawake wale hawakukutana kwa mara ya kwanza ndani ya ndege. Walikuwa wamecheza kwa miaka mingi katika ligi za klabu na za mikoa, tena wakipambana na majimbo ya Afrika Kusini, na nahodha wao, Ann Grant, alikuwa mchezaji mzoefu aliyejua kila mmoja wa wenziwe anapenda kupokea mpira upande gani. Mwaliko ulipokuja ghafula, kazi iliyobaki ilikuwa kuwachagua 16. Timu yenyewe ilikuwa imekwisha kujengwa.

Hata hivyo haifai kusifu bila kutazama upande wa pili. Wachezaji wote wale 16 walikuwa wazungu, katika nchi ambayo Waafrika ndio wengi kupita kiasi. Walitoka katika shule zilizokuwa na viwanja, walimu wa michezo na vifaa, hali shule nyingi za watoto wa Kiafrika zilipungukiwa na vitu hivyo. Dhahabu ile ilichimbwa katika kisima chembamba sana. Na kisima chembamba hukauka upesi: tangu mwaka 1980 mpaka sasa wanawake wa Zimbabwe hawajarudi tena katika mpira wa magongo wa Olimpiki.

Jirani zetu wa Kenya walipata somo hilo hilo kwa njia ndefu zaidi. Watu wengi wa siku hizi hawajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo Kenya ilihesabiwa miongoni mwa timu kubwa za mpira wa magongo ulimwenguni. Iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, ikawa ya 6 Tokyo mwaka 1964, na katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, ilifika nusu fainali na kumaliza ikiwa ya nne. Avtar Singh Sohal, beki aliyecheza Olimpiki nne kuanzia Roma 1960 mpaka Munich 1972, alijulikana popote mchezo huo ulipochezwa.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka mahali padogo mno. Katika mji mmoja wa Nairobi, klabu za Masingasinga, za Wagoa na za jamii nyingine zilikuwa zikipambana kila Jumamosi na Jumapili kwa ushindani usio na huruma. Mtoto alizaliwa akasikia habari za magongo nyumbani, akashikishwa gongo shuleni (na hapa sisemi lile gongo linalokatazwa na sheria), akacheza na ndugu zake na kuangaliwa na wajomba zake. Wataalamu wa michezo huzungumza sana juu ya idadi ya wachezaji katika nchi nzima. Kenya inatuonyesha kwamba wachezaji mia chache wanaokutana kila wiki wanaweza kuzidi maelfu waliotawanyika na kukutana mara moja kwa mwaka. Kwa mchezo mdogo jambo hilo ni la kushikwa barabara, kwani mchezo mdogo hautakuwa na maelfu.

Lakini mchezo uliokaa ndani ya jamii chache huondoka jamii hizo zinapoondoka. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Waasia wengi walihama Kenya kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko, na klabu zao zikapungukiwa na watu. Mwaka 1973, miaka miwili tu baada ya Barcelona, Kenya ilikuwa ya mwisho kati ya timu 12 katika Kombe la Dunia. Katika nchi ya Uganda mambo yalikuwa ya ukatili zaidi. Mwaka 1972 Uganda ilipeleka timu ya magongo Munich, ikiwa na wachezaji wengi wenye asili ya Bara Hindi, wakati Idi Amin alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Waasia wafukuzwe nchini. Watu walikuwa wakivaa rangi za taifa ambalo lilikuwa linafunga mizigo yao. Timu hiyo haikuonekana tena katika Olimpiki.

Kosa halikuwa kwamba Masingasinga na Wagoa waliupenda mchezo na kuucheza vizuri. Heshima yao ni kubwa, na yafaa tuwape. Kosa ni kwamba katika miaka ile ya nguvu mchezo haukupelekwa kwa haraka katika shule za Waafrika, katika karakana, katika bandari na katika kambi za majeshi, ili watakapoondoka hawa wawepo wale. Kenya ilikuja kufanya hivyo baadaye, na matunda yalionekana: mwaka 1987 ilishinda mpira wa magongo katika Michezo ya Afrika Nairobi na kwenda Seoul mwaka uliofuata. Tena timu ya wanawake wa shirika la simu la Kenya, yaani timu iliyozaliwa mahali pa kazi, ilipata kuwa bingwa wa klabu za Afrika mara nyingi. Lakini miaka iliyopotea katikati haikurudi.

Kisha likaja jambo la kiwanja. Kuanzia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mashindano makubwa yalihama kutoka nyasi za kawaida kwenda nyasi bandia. Asiyeujua mchezo ataona ni badiliko dogo, lakini lilipindua kila kitu. Juu ya nyasi za kawaida mpira huruka-ruka, na mshindi ni yule mwenye mkono mwepesi wa kuutuliza na kuupitisha katikati ya maadui. Juu ya nyasi bandia zilizomwagiwa maji mpira huteleza kama juu ya kioo, na mbio, pumzi na nguvu za mwili hutangulia. India na Pakistan zilizotawala mchezo zilitikiswa na badiliko hilo. Sembuse nchi zisizo na kiwanja hata kimoja cha namna hiyo! Mchezaji aliyejifunza juu ya udongo wa Afrika Mashariki, hata awe hodari namna gani, hufika ugenini akiwa mgeni wa mchezo wake mwenyewe. Hatua zake zimezoea mpira unaochelewa, na huko hauchelewi.

Kiwanja kimoja cha namna hiyo ni mali ya taifa zima. Nchi yenye kiwanja kimoja haina budi kukitumia kuanzia alfajiri mpaka usiku: watoto wa shule mchana, klabu jioni, timu ya taifa mwisho wa wiki, na waamuzi wakijifunza humo humo. Waamuzi nawataja kwa makusudi, kwa sababu husahauliwa. Sheria za mchezo huu zimebadilika sana. Kuotea kuliondolewa katika miaka ya 1990, na mchezo wa kimataifa sasa una robo nne za dakika 15 kila moja. Timu ambayo ligi yake ya nyumbani inachezeshwa kwa desturi za zamani hujikuta ikipigiwa filimbi kila dakika inapotoka nje.

Sasa tuje kwa mfanyakazi, maana huyo ndiye mchezaji wetu. Mchezaji wa ridhaa ni fundi wa umeme, ni karani, ni askari, ni mwalimu, ni muuguzi. Mazoezi yake ni baada ya kazi, na likizo yake ya mwaka huimaliza kambini. Mkubwa wake wa kazi akikataa kumpa ruhusa, timu ya taifa hukosa golikipa. Akipewa ruhusa bila malipo, watoto wake ndio wanaolipa gharama ya bendera. Twasema tunataka timu, lakini ni mara ngapi tumeuliza nani anailisha nyumba ya mchezaji kwa majuma matatu? Hapa vyama vya wafanyakazi vina kazi ya kufanya, tena kazi isiyohitaji fedha nyingi: kuweka katika mapatano yao na waajiri kwamba mfanyakazi aliyeitwa na taifa, awe mwanamume au mwanamke, apewe ruhusa yenye malipo, na asipoteze zamu wala cheo chake. Timu za mahali pa kazi nazo ziwekwe juu ya msingi usiotikisika, kwani timu inayotegemea mapenzi ya meneja mmoja hufa siku meneja huyo anapohamishwa.

Liko swali jingine ambalo viongozi wa michezo hulikwepa. Je, taifa lipeleke timu ambayo haina matumaini ya nishani? Afrika Kusini ililijibu swali hilo kwa namna mbili. Timu yake ya wanaume iliposhinda Afrika na kupata haki ya kwenda Sydney mwaka 2000, kamati ya Olimpiki ya nchi yao wenyewe ilikataa kuipeleka, na kwa ajili ya Rio mwaka 2016 timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, zilizuiwa vivyo hivyo. Ilisemwa kwamba kuwa bingwa wa Afrika hakutoshi. Mwishowe walikubaliwa kwenda Tokyo, katika michezo iliyofanyika mwaka 2021, na wanaume wale waliifunga Ujerumani mabao 4 kwa 3. Hawakupata nishani, bali walimaliza wakiwa wa 10. Lakini ni mtu gani aliyeona mchezo ule atakayesema kwamba nauli ilipotea?

Mwandishi huyu haoni busara katika kuwazuia washindi nyumbani. Timu hukua kwa kukutana na iliyo bora kuliko yenyewe. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya timu iliyofungwa 4 kwa 1 ikajifunza na timu iliyofungwa 18 kwa 0. Katika ile ya pili mchezaji hapati hata nafasi ya kuugusa mpira ili ajue alichokosa. Yafaa ngazi zipandwe kwa mfuatano: kwanza jirani, Kenya na Uganda, tena mara nyingi kwa mwaka, kwa kuwa basi la Nairobi au Kampala ni rahisi kuliko ndege, kisha Zambia, Zimbabwe na Namibia, kisha Misri, Ghana na Afrika Kusini. Wanawake wasiachwe nyuma katika safari hizo. Kwa nchi inayoanza, upande wao ndio ulio na njia fupi zaidi ya kufika mbele, kwani mataifa yaliyowekeza humo ni machache.

Na kwa wale wasemao kwamba hatuwezi kuanza mpaka tupate kiwanja kikubwa, liko jambo la kuwaambia. Siku hizi upo mchezo mfupi wa magongo wa watu watano kila upande, pamoja na golikipa, unaochezwa katika uwanja mdogo. Kombe lake la Dunia la kwanza lilichezwa Muscat, Oman, mwezi wa Januari 2024, na katika mataifa ya Afrika yaliyokuwapo walikuwamo wanaume wa Kenya na wanawake wa Zambia. Kwa mazoezi ya namna hii sakafu ya saruji ya uwanja wa netiboli yatosha, mbao za kuzunguka pembeni zaweza kutengenezwa na seremala yeyote, na watu kumi tu ndio wanaohitajika ili mchezo uanze. Katika mji wenye viwanda sita, sita hao wakitoa timu moja moja, ligi imekwisha kupatikana. Itakayohitajika ni ratiba isiyovunjwa, mwamuzi aliyejifunza sheria, na daftari la kuandika nani alicheza na nani alifunga, ili siku taifa litakapoita, wachaguzi wafungue daftari hilo kwanza kabla ya kuanza kupiga simu.