Dhahabu, Platini na Mchanga wa Kwale: Uzito Unavyochambua Madini

Mgeni afikapo Mwabungo, kusini mwa Diani, hulakiwa na mchanga mweupe uliotokana na matumbawe. Akielekea bara kilomita chache, mchanga hugeuka mwekundu. Wekundu huo ndio uliowavuta wachimbaji hadi Msambweni. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi madini yanavyojikusanya mchangani, jinsi yanavyochimbwa, na kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Madini mengi huzaliwa ndani ya miamba. Miamba hiyo ikipigwa na jua na mvua kwa mamilioni ya miaka, huoza na kumeguka, nayo mito huvisomba vipande vyake. Hapo ndipo uzito unapofanya kazi. Mchanga wa kawaida una uzito wa takriban mara 2.6 ya maji ya ujazo uo huo. Dhahabu safi ni mara 19, na platini ni mara 21. Kwa hiyo mkondo unapopungua kasi, penye kona ya mto au nyuma ya jabali, metali hizo hutua na mchanga mwepesi huendelea na safari. Kwa kuwa hazishiki kutu, hudumu hapo. Akiba ya namna hii, hata iwe ndogo, huchimbika kwa sepetu na karai. Huko Yubdo, magharibi mwa Ethiopia, platini ilianza kuchimbwa mchangani katika miaka ya 1920.

Kwale haisifiki kwa dhahabu wala platini. Ilichojaliwa ni ilmenaiti, rutaili na zirikoni, yenye uzito wa kati ya mara 4 na 5 ya maji. Kanuni ni ile ile, ila hapa upepo nao ulishiriki: mchanga wa Magarini, uliotokana na kumomonyoka kwa miamba ya bara, ulirundikwa ukawa matuta. Ilmenaiti na rutaili hutoa rangi nyeupe ya kupakia kuta, na zirikoni hutumika katika vigae.

Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilifanya utafiti hapo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2010 mradi ulinunuliwa na Base Resources ya Australia, na uzalishaji ukaanza mwishoni mwa 2013. Mchanga ulisukumwa kwa matingatinga, na baadaye ulibomolewa kwa maji ya kasi, kisha ukapitishwa kwenye mifereji ya mzunguko ambamo mzito ulitengana na mwepesi. Sumaku ilivuta ilmenaiti. Umeme ukaitenga rutaili, inayoupitisha, na zirikoni, isiyoupitisha. Shehena zilisafirishwa kupitia Likoni. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024.

Je, elimu hii ni ngeni kwetu? La hasha. Mama anayepeta mchele kwa ungo anatumia kanuni iyo hiyo: kizito hubaki, chepesi huruka. Wachimbaji wadogo wa Tanzania nao wana msamiati wao: huchenjua dhahabu, na mahali pa kuichenjulia hupaita mwalo. Mwaka 2017, serikali ya Tanzania ilipozuia mchanga wa madini kusafirishwa nje, neno makinikia lilienea hadi vijiweni. Istilahi hukua upesi pale wananchi wanapoona kwamba mali yao imo ndani yake.

Hapo ndipo penye uzito wa mjadala wetu. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Lakini mikataba na taarifa za athari kwa mazingira aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mwanakijiji asiyeelewa mrabaha ni nini atadai fungu lake kwa neno gani? Na sasa uchimbaji umekwisha, swali la matumizi ya ardhi iliyochimbwa linahitaji lugha ya wazi zaidi.

Wafanyakazi waliozoea mashine zile wanatawanyika, nao wanaondoka na maneno waliyoyabuni kazini. Ni wajibu wetu, wanafunzi na wahadhiri, kwenda Msambweni, Migori na Geita kuyakusanya kabla hayajapotea. Mali bila daftari huisha bila habari.