Uso Wako, Ruhusa ya Nani?

Hebu tuanze na swali. Asubuhi ukijitazama kwenye kioo kabla ya kwenda shule, unajiona kwa macho ya nani? Yako, ya mshikaji wako, au ya yule dada wa kwenye kalenda?

Wanawake wa Tanzania wametoka mbali. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alianza kuwahamasisha kina mama wajiunge na TANU. Sheria za ardhi za 1999 zikampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mwaka 2021 Samia Suluhu Hassan akaapishwa kuwa Rais, na mwaka huohuo wasichana waliojifungua wakaruhusiwa kurudi shule. Siyo mchezo!

Sasa mbona msichana wa Kabungu anayeongoza darasa kwa hesabu bado anaambiwa, "Ungekuwa mweupe kidogo ungekuwa bomba"?

Presha hii haikuanza leo, na haitoki upande mmoja. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikapigwa marufuku, eti kulinda utamaduni. Jijini Dar es Salaam wasichana walibughudhiwa mitaani kwa sababu ya nguo zao. Umeona? Mmoja anasema "jichubue", mwingine anasema "vua hiyo". Wote wanaamua juu ya mwili wa msichana bila kumwuliza.

Na mwili ndio unaolipa. Weusi wa ngozi unatokana na melanini, ambayo ni kinga yako dhidi ya jua kali la shambani. Mkorogo unaiondoa kinga hiyo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo huharibu figo na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nyingine zina steroidi: ngozi inakuwa nyembamba, inatoka michirizi, na kidonda kinachelewa kupona. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuleta madoa meusi yasiyotoka. Yaani ulitafuta weupe, ukapata madoa!

Je, umeshaanza kutumia? Usione aibu. Chukua kopo lako uende nalo zahanati, umwonyeshe mhudumu. Kama umepaka krimu kali kwa muda mrefu, pata ushauri kabla ya kuacha, maana ukiacha ghafla ngozi inaweza kuwasha na kuvimba.

Na wewe kaka, usijifanye hayakuhusu. Utani wako kuhusu "cheusi" na "cheupe" ndio unaompeleka dada yako kununua kopo hilo.

Kupendeza si dhambi, dada. Oga, suka, vaa unavyopenda. Ila jiulize kwanza: nafanya hivi kwa sababu napenda, au naogopa kusemwa?

Jadilini darasani: Nani anafaidika msichana akiichukia ngozi yake?