Mlango una sheria, nyumba haina

Chukua nyumba ya mawe katikati ya Dar es Salaam, yenye mlango wa nakshi uliochongwa mwaka 1910. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, mlango huo unalindwa kwa kuwa ulichongwa kabla ya 1940, na huwezi kuusafirisha nje ya nchi bila kibali. Lakini kuta zilizoushika, boriti za dari na kisima cha uani havina bahati hiyo. Ili jengo lihesabiwe kuwa la kale moja kwa moja, liwe limejengwa kabla ya mwaka 1863. La baada ya hapo linamsubiri waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Lisipotangazwa, mwenye kiwanja akishapata kibali cha ujenzi, analeta katapila.

Ukiijua historia ya jiji hili, mwaka huo utakushangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiyo kwanza alikuwa akiupanga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima. Boma la Kale, pale Sokoine Drive, lilijengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Atiman House, hatua chache kutoka hapo, ni ya 1866. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Hospitali ya Ocean Road ikafuata 1897, na ujenzi wa kanisa la Azania Front ukaanza 1898. Kwa maneno mengine, sheria imechora mstari, na karibu Dar es Salaam yote iliyojengwa kwa mawe imeangukia upande usiolindwa, isipokuwa majengo yaliyobahatika kutangazwa. Na kilichoingizwa kwa tangazo kinaweza kutolewa kwa tangazo.

Wenyeji wa mjini wanalikumbuka jengo la Salamander, Mtaa wa Samora, la enzi za Mjerumani. Lilibomolewa muongo uliopita.

Hesabu ya dalali haina siri. Pale penye nyumba ya ghorofa moja, yeye anaona ghorofa ishirini, na mfano hauko mbali: minara pacha ya uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, ghorofa 35, imesimama Sokoine Drive hiyo hiyo. Kule Uhindini nyumba nyingi za zamani, zile zenye jina la mwenyewe na mwaka wa ujenzi vilivyofinyangwa kwa lipu kule juu, zilitaifishwa 1971 zikawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 zikaangukia Shirika la Nyumba la Taifa. Tangu hapo neno linalotawala ni ubia: shirika lina kiwanja, mwekezaji ana fedha, na nyumba iliyopo inaonekana kizuizi. Wala simlaumu mwendelezaji peke yake. Mpangaji anayeishi na paa linalovuja na nyaya za umeme za kuungaunga haoni urithi wowote pale, anaona hatari.

Kuna swali jingine linaloulizwa, nalo ni la haki: kwa nini tugharimie kumbukumbu za watu waliotutawala kwa kiboko na kodi ya kichwa? Jibu langu ni kwamba mkoloni hahitaji msaada wetu. Majalada yake yamo katika Nyaraka za Taifa, tena UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Gavana tunajua alilala wapi. Tusichokijua ni maisha ya fundi mwashi aliyempandishia ukuta, ya mpishi, ya mpagazi, ya mke wa askari. Hao hawakuandika barua. Walichoacha kiko ardhini, uani, nyuma ya jikoni: vigae vya vyungu, shanga, mifupa ya samaki, chupa iliyotupwa na bwana ikaokotwa na kutumiwa tena.

Ukuta nao husema kidogo. Katika Boma la Kale, ambalo sasa lina kituo cha urithi wa usanifu majengo, kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, lakini vyumba ni vyembamba. Kwenye majumba ya aina hii upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, na mkoko haurefushwi kwa amri ya Sultani. Mkata boriti kule kwenye mikoko ndiye aliyepima chumba kabla ya fundi kufika.

Ila ukuta unaweza kupigwa picha na kupimwa siku moja kabla ya kuvunjwa. Udongo haupigwi picha. Mwanaakiolojia husoma tabaka kwa tabaka, lipi liko juu ya lipi, na hapo ndipo anapopata miaka. Maegesho ya magari ya chini ya ardhi, yanayopendwa sana sasa, huchota tabaka zote kwa mkupuo mmoja, na kufika jioni tipa limeshamwaga kifusi bondeni.

Kulindwa kisheria tu hakutoshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake na umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, lakini Desemba 2020 sehemu ya jumba lake la Beit al Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili.

Hata hivyo, pa kuanzia papo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Humo ndimo uchimbaji wa kiakiolojia uwekwe kuwa sharti, ufanyike kabla ya msingi, kwa gharama ya mwendelezaji. Uingereza imeufuata mwelekeo huo tangu 1990, na minara ya London haijaacha kupanda. Wataalamu tunao: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu 1985. Kisha Bunge liufute mwaka 1863 na kuweka umri badala yake, tuseme miaka mia moja. Nyumba ya 1926 ingeingia kwenye ulinzi mwaka 2026, mlango na kuta zake pamoja.