Istilahi za Mazingaombwe ya Jukwaani: Uhusika na Kituo

Makala yanayohusu mazingaombwe ya jukwaani huwasumbua wafasiri kuliko inavyodhaniwa. Tatizo huanzia kwenye jina la mtendaji mwenyewe. Mfasiri mwenye haraka humwita "mchawi", akaendelea na kazi yake. Jambo hili si dogo. Mchawi katika jamii zetu ni mtu anayetuhumiwa kudhuru wenzake. Tanganyika ilitungiwa sheria juu ya uchawi mwaka 1928, na wapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya tuhuma hiyo tu. Mtu anayetoa njiwa kofiani mbele ya watoto wa shule hastahili kubandikwa jina linaloweza kumfuata hadi mlangoni kwake.

Tunapendekeza aitwe "mwanamazingaombwe". Onyesho lake zima ni "mazingaombwe". Kila tendo moja moja la kushangaza ndani yake ni "kiinimacho". Na siri ya kulitenda ni "hila". Maneno haya yote tayari yanasemwa na watu, na kazi yetu ni kuyagawia mipaka tu.

Ugumu hasa umo katika dhana mbili ambazo wataalamu wa fani hii huzihesabu kuwa uti wa mgongo wa onyesho. Ya kwanza hutafsiriwa vibaya kwa "tabia". Tabia ni mwenendo wa mtu, nao tunauzungumzia tunapomsifu au kumlaumu. Kinachokusudiwa hapa ni nafsi ambayo mtendaji huivaa jukwaani, kama mwigizaji avaavyo nafsi ya mhusika wa tamthilia. Basi na tuseme "uhusika". Mfano bora ni Richard Valentine Pitchford, mzaliwa wa Wales aliyefariki mwaka 1973, aliyejulikana kwa jina la Cardini. Alijitokeza kama bwana wa heshima, mwenye kofia ndefu na miwani ya jicho moja, aliyerudi kutoka karamuni akiwa amelewa kidogo. Karata na sigara zilizowashwa zilimjia mikononi bila yeye kuzitaka, alizitupa, zikarudi. Hakujigamba wala hakusema neno. Watazamaji waliwaona wanamazingaombwe wengi wakionyesha uwezo wao, lakini kwa Cardini walimwona mtu anayepatwa na mazingaombwe, wakamhurumia na kumcheka. Ukiandika kwamba "alikuwa na tabia ya ulevi", umemsingizia mtu. Ukiandika kwamba "uhusika wake ulikuwa wa mlevi mstaarabu", umesema kweli.

Uhusika waweza pia kuvuka jukwaa. Mmarekani William Robinson alijifanya Mchina kwa jina la Chung Ling Soo, akazungumza na waandishi wa habari kupitia mkalimani. (Kuvaa sura ya taifa la watu wengine namna hiyo hatukusifu.) Mwezi Machi 1918, jijini London, kiinimacho chake cha kudaka risasi kiliharibika, akapigwa risasi kweli, naye akaomba msaada kwa Kiingereza. Kesho yake alifariki.

Dhana ya pili ni ile ya tendo la kufungia. "Mwisho" halitoshi, kwa sababu kila jambo lina mwisho, hata lile lililokatika njiani. "Kilele" nalo ni neno zuri, ila kilele chaweza kufuatwa na mteremko. Sisi tunaona neno limo katika ushairi wetu: "kituo", yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, ambao mishororo iliyotangulia huutegemea. Wapo watakaolalamika kwamba kituo ni cha basi au cha polisi. Washairi hawajawahi kuchanganyikiwa kwa hilo.

Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyefungua ukumbi wake Paris mwaka 1845, aliijua maana ya kituo. Katika kiinimacho chake cha mchungwa aliazima leso ya mtazamaji, akaipoteza. Kisha mti mdogo ulichanua maua, ukazaa, na machungwa ya kweli yakagawiwa ukumbini. Mtu angedhani yamekwisha. Lakini chungwa moja lilibaki juu. Likapasuka, na vipepeo wawili wa mashine wakainuka wakiikunjua ile leso. Tendo hilo halikuzidi mengine kwa ukubwa. Lilikuwa kituo kwa sababu lilirudisha kilichoazimwa mwanzoni, wakati ambapo watazamaji walikwisha kukisahau. Kwa hiyo tunafafanua hivi: kituo ni kiinimacho cha kufungia onyesho, kinachojibu jambo lililoachwa wazi na vilivyotangulia.

Limebaki jina la yule anayelazwa ndani ya sanduku na kukatwa kwa msumeno. "Msaidizi" linatumika, lakini linaficha kwamba mara nyingi sehemu kubwa ya hila huifanya yeye. Mwenye neno bora na atuletee.