Vijiko viwili vya mafuta ya peniroyali

Peniroyali ni jamaa wa karibu wa nanaa tunayotia kwenye chai. Kisayansi ni Mentha pulegium, na huota penye maji kuanzia Ulaya hadi Afrika Kaskazini. Wamoroko huuita mmea huu fliyo na huutumia mtu akishikwa na mafua. Alentejo, kusini mwa Ureno, majani yake hutwangwa na kitunguu saumu na chumvi, yakamiminiwa mafuta ya zeituni na maji ya moto, kisha mkate ukatoswa humo. Warumi wa kale waliutumia kufukuzia viroboto. Wanawake nao, kwa karne nyingi, waliunywa ili hedhi iliyochelewa ishuke.

Hapo ndipo balaa lilipo. Mwaka 1978 huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 18 alikunywa takriban mililita 30 za mafuta ya mmea huu ili atoe mimba. Hivyo ni vijiko viwili tu vya chakula. Ini lilishindwa kazi, akafariki.

Sumu yenyewe ni pulegoni, ndiyo inayoupa mmea harufu yake kali. Ini, likijaribu kuivunja, huigeuza kuwa kemikali zinazoshambulia seli zake lenyewe na kumaliza glutathioni, kinga ya seli hizo. Parasetamoli iliyozidi kipimo huua ini kwa njia inayofanana na hiyo, ndiyo maana madaktari wamewahi kuwapa waliokunywa peniroyali dawa ileile inayotibu sumu ya parasetamoli, asetilisisteini. Kipimo cha kutoa mimba kinakaribiana mno na kinachoua, na mara nyingi mimba haitoki.

Msidhani majani hayana neno. Mwaka 1996 madaktari wa California waliripoti watoto wachanga wawili waliopewa chai ya nanaa iliyochemshwa nyumbani, kumbe ilikuwa na pulegoni. Mmoja alifariki, mwenzake alinusurika, lakini akiwa ameumia. Nawasihi wazazi: mtoto wa chini ya miezi sita akilia kwa msokoto wa tumbo, asipewe chai ya majani yoyote. Mjamzito, na mwenye ugonjwa wa ini, wasiuguse kabisa mmea huu.

Aliyekunywa mafuta haya huanza kwa kutapika, tumbo kuuma na kizunguzungu, pengine degedege. Anaweza kupata nafuu kidogo huku ini likiendelea kuharibika, kwa hiyo msingoje. Msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa mwende nayo.