Kuku wetu wanaoga wapi?

Saa sita, jua likiwa juu ya kichwa, angalieni ndani ya lupango. Kuku aliyetembea tangu asubuhi sasa amelala ubavu, bawa moja juu, mguu umenyooka, macho nusu yamefungwa. Mtu asiyefuga angesema amekufwa. Hajafwa. Anaoga. Sisi tunaoga na maji, yeye anaoga na mavumbi, na fasi anayochagua ina maana kubwa kwa nyumba yote.

Kuku anayetembea huru anaoga karibu kila siku mbili, zaidi wakati wa mchana, na kuoga kwenyewe kunachukua karibu nusu saa. Anakwaruza udongo na miguu, anauvuta na mdomo, anaurusha ndani ya manyoya mpaka kwenye ngozi. Anasugua kichwa, anageuka, halafu anasimama na kujikung'uta, mavumbi yanaruka sawa vile moshi. Juu ya nini anafanya hivi? Karibu na mkia ana kifuko kidogo cha mafuta, na mafuta yale anayapaka kwenye manyoya yake. Mafuta yakizeeka yananata. Mavumbi njo yanayabeba, pamoja na chawa na utitiri. Kuku asiyeoga anachafuka, anawashwa, anakosa raha.

Sasa, anachagua wapi? Si kila fasi. Kwanza, udongo uwe mkavu na laini, ule unaopita katikati ya vidole sawa vile unga wa bukari. Pili, usiwe na majani, juu mizizi inamzuia kukwaruza. Tatu, jua lifike, lakini ukuta au mti uwe karibu, kwa sababu akilala hivi hawezi kukimbia kipanga haraka. Kwa hiyo tunamkuta chini ya muembe, kando ya ukuta, kwenye majivu ya makala, ao katikati ya tuta la lengalenga lililolimwa jana, na mama anakasirika. Mmoja akianza, wengine wanakuja. Shimo likiwa zuri, wanalirudilia.

Wakati wa kiangazi mavumbi yako kila fasi. Lakini mvula ikianza, lupango yote inakuwa matope, na kuku anatafuta fasi iliyobaki kavu: chini ya bati, kwenye baraza, kando ya masaki. Na kwetu, kwa familia nyingi za wachimbaji, chini ya bati lile njo kunalala masaki ya mawe. Pale njo baba anachagua mawe, pale njo anakung'uta nguo za kazi. Mavumbi yale ni laini, makavu, hayana hata jani moja. Kwa kuku, hakuna bafu nzuri kupita ile.

Hapa kuna jambo la kufikiria. Kuku anapenda udongo usiota majani. Lakini katika miji yetu, mara nyingine majani hayaoti juu ya madini yenyewe. Angalieni Penga-Penga, Lubumbashi, upande ambako upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza mwaka 1911. Udongo ulijaa shaba, zinki, kadmi na risasi, ile tunaita plomb, mpaka sehemu kubwa ikabaki uchi. Kuku akifika fasi ya namna ile, anaona bafu tu.

Angalieni tena Kasulo, Kolwezi, ambako kobalti ilivumbuliwa chini ya nyumba mwaka 2014 na watu wakachimba ndani ya lupango zao. Wataalamu wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakaaji, na mavumbi ya ndani ya nyumba. Mwaka 2018 walitangaza kwamba kobalti ilikuwa nyingi sana, na kwa watoto zaidi kuliko kwa wakubwa. Mtoto anacheza chini, anatia mikono kinywani. Kuku naye anaishi chini kulekule.

Kuku anameza udongo kila siku. Anaokota mchanga kwa ajili ya firigisi, anadonoa mahindi yaliyomwagwa chini, anasafisha manyoya na mdomo baada ya kuoga. Kabwe, kwa jirani zetu wa Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini miaka mingi nyuma kuku wa kutembea huru walikutwa na risasi nyingi ndani ya maini na figo kuliko kuku wa kufungiwa. Risasi ile inapita pia ndani ya yai, zaidi ndani ya kiini. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakutoi risasi. Na risasi inaharibu akili ya mtoto anayekua.

Hatusemi muuze kuku. Mshahara ukichelewa, yai njo nyama ya mtoto, na tunajua bei ya nyama sokoni. Tunasema tumupe kuku bafu ingine. Kumpigia kelele hakusaidii kitu, atarudi tu. Lakini akipata fasi nzuri zaidi, ataenda mwenyewe.

Chukueni pneu ya zamani, basini iliyotoboka ao sanduku la mbao, pana kiasi cha kuku wawili. Jazeni udongo mkavu wa mchanga, kina cha kiganja kizima, uliotoka mbali na kariere, mbali na barabara ya malori ya madini. Changanyeni na majivu ya makala, si dawa ya wadudu ya unga. Wekeni kando ya ukuta ambako jua linafika, na bati juu ili mvula isiingie.

Halafu masaki ya mawe yatoke lupangoni. Isipowezekana, yafunikwe na kuzungushiwa waya ao mbao, kuku asipite. Baba avue buti na nguo za kazi kabla ya kuingia, na zioshwe peke yake. Kabla ya kufagia, mwagieni maji kidogo ili mavumbi yasiruke. Mahindi ya kuku yawekwe ndani ya sahani, si chini.

Mchimbaji anajua kusoma udongo: kijani ni malakiti, nyeusi ni heterogeniti. Kuku hajui, yeye anajua laini na kavu tu. Basi kesho saa sita fuateni kuku wenu, muangalie amelala juu ya udongo gani.