Wahusika wetu waseme Kiswahili gani?

Mwaka jana niliandika hadithi fupi kwa ajili ya kikao cha usomaji cha kitivo chetu. Ilihusu mama mmoja wa Lubumbashi anayeuza unga wa mahindi sokoni, ambaye mume wake anafanya kazi mgodini na hajalipwa mshahara kwa miezi mitatu. Kabla ya kuipeleka kikaoni nilimsomea mama yangu mzazi, jioni, akiwa anachambua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza: "Ule mama eko muntu ya Tanzania?"

Swali lile liliniuma, kwa sababu mama wa hadithi nilikuwa nimemtoa katika soko la mtaa wetu. Nilijua bei ya meka moja ya unga. Nilijua jinsi anavyofunga kikwembe chake na jinsi anavyoficha noti ndani ya fundo lake. Kila kitu katika hadithi kilikuwa cha kwetu, isipokuwa mdomo wa mhusika.

Makala haya yanaeleza tatizo hilo na namna ya kulishughulikia. Sisi wanafunzi wa lugha katika Kongo tunajifunza Kiswahili bora darasani na tunazungumza Kiswahili kingine nyumbani. Tukishika kalamu kuandika hadithi au tamthilia, ni lazima tuamue wahusika wetu waseme kipi. Tusipoamua sisi, mazoea ya darasani yataamua kwa niaba yetu.

Kosa lilikuwa wapi?

Katika hadithi yangu ya kwanza, mama alimwambia mwanawe: "Mwanangu, baba yako bado hajarejea kutoka kazini, na fedha zote alizoniachia zimekwisha."

Kwa sarufi, sentensi hiyo haina dosari. Upatanisho wa ngeli ni sawa, kirejeshi kimekaa mahali pake. Lakini hakuna mwanamke katika soko lile anayesema hivyo akiwa na hofu. Angesema: "Mutoto yangu, baba yako eko ku kazi, na makuta ilishaisha."

Tofauti ya sentensi hizi mbili si matamshi tu. Ya kwanza inatoa taarifa. Ya pili ina mtu ndani yake: tunasikia umri wake, mtaa wake, uchovu wake. Kazi ya mazungumzo katika hadithi ndiyo hiyo hasa. Msimulizi anaweza kutuambia kwamba mhusika ni mjane, ni maskini, ametoka kijijini. Mhusika akifungua mdomo, tunapaswa kuyajua mengi ya hayo bila kuambiwa.

Njia mbili zilizofika kwetu

Baadhi yetu tunadhani Kiswahili cha Katanga ni Kiswahili sanifu kilichoharibika. Historia inasema vingine. Kamati ya lugha iliyosimamia usanifishaji, iliyoundwa mwaka 1930, ilishughulikia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na ilichukua Kiunguja kuwa msingi. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kwa hiyo Kiswahili chetu hakikuasi kanuni za kamati ile. Kilikua mbali nayo.

Kilikua hasa katika miji ya migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na kwingineko. Watu hao walihitaji lugha moja, na kila mmoja alikuja na ya kwao. Ndiyo maana tunasema *batoto* na *bantu*, ambapo Kiswahili bora kinasema *watoto* na *watu*: kiambishi *ba-* ni cha Kibemba, cha Kiluba na cha lugha nyingine nyingi za majirani wetu. Tunasema *eko* kwa maana ya *yuko*, *njo* kwa maana ya *ndiyo* au *ndiye*, *ku kazi* kwa maana ya *kazini*. Hizo ni kanuni. Mtoto wa Lubumbashi hakosei kuzitumia, na mgeni anayezikosea anachekwa.

Tena Kiswahili hicho kimekwisha kuandikwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, historia ya mji wetu kama walivyoijua wapishi na maboi. Aliipa jina la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini maandishi yenyewe ni ya Kiswahili cha Lubumbashi. Mtaalamu Johannes Fabian aliyachapisha na kuyafasiri mwaka 1990. Maneno yalikuwa yameunganishwa au kukatwa bila utaratibu mmoja, alama za kituo zilikuwa chache, na msomaji wa kimya alipotea haraka. Ilibidi Kalundi Mango, mzaliwa wa lugha hiyo, ayasome kwa sauti ndipo maana ikajitokeza. Kwa mwandishi wa hadithi hilo ni somo kubwa: Kiswahili chetu kinakaa kwanza sikioni.

Namna ya kufanya

Baada ya swali la mama niliandika hadithi upya mara nne. Haya ndiyo niliyojifunza, nikisaidiwa na wenzangu wa kikao.

Kwanza, chagua sifa chache na uzishike. Ukijaribu kuandika kila sauti kama inavyotoka mdomoni, ukurasa utajaa miiba. Mimi nilichagua nne: *ba-* badala ya *wa-*, *eko* badala ya *yuko*, *ku* na *mu* badala ya *-ni* ya mahali, na *-lisha-* kwa jambo lililokwisha kutendeka. Maneno mengine niliyaandika kwa tahajia ya kawaida. Sifa nne zinatosha kumweka msomaji sokoni. Lakini ukiandika *eko* katika ukurasa wa kwanza na *yuko* katika ukurasa wa tatu kwa mhusika yuleyule, msomaji atadhani umesahau, na atakuwa na haki.

Pili, usimgawie Kiswahili cha nyumbani mhusika mjinga peke yake. Huu ndio mtego mkubwa. Katika tamthilia nyingi za wanafunzi, mwalimu na daktari wanasema Kiswahili bora, na mlinzi wa mlango anasema Kiswahili cha mtaani ili watu wacheke. Msomaji anajifunza, bila kuambiwa, kwamba lugha ya mama yake ni kichekesho. Jaribu kumpa Kiswahili cha Lubumbashi mhusika mwenye busara kuliko wote, katika saa ya huzuni kuliko zote, uone kama lugha itashindwa. Haitashindwa, tunazika watu wetu kwa lugha hiyo.

Tatu, kubadili lugha ni tukio. Katika maisha yetu mtu mmoja hutumia lugha tatu kabla ya saa sita mchana. Fikiri mjane aliyekwenda ofisini kuomba karatasi ya kifo cha mume wake. Karani anampokea kwa Kiswahili, kwa upole. Mjane anauliza kwa nini anadaiwa malipo mara ya pili. Hapo karani anahamia Kifaransa. Hajamtukana wala hajapandisha sauti, lakini amefunga mlango, na kila msomaji wa Kongo ataisikia komeo. Kwa hiyo usichanganye lugha kwa pambo. Kila mhusika anapohama, jiulize anatafuta nini au anakimbia nini.

Nne, usitafsiri ndani ya mabano. Mabano yanamtoa msomaji katika hadithi na kumrudisha darasani. Acha tendo lieleze. Kama mama anasema *makuta ilishaisha*, kisha anafungua fundo la kikwembe na halina kitu, hata msomaji wa Mombasa ambaye hajawahi kusikia neno *makuta* ameelewa.

Tano, soma kwa sauti mbele ya mtu asiyekuogopa. Mwenzako wa darasa atakusifu kwa sababu kesho ni zamu yake kusoma. Tafuta shangazi, jirani, au mzee wa baraza la mtaa. Mahali anapocheka bila wewe kukusudia, pana kosa.

Na je, wenzetu wa mbali watatuelewa?

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia mara nyingi, na si la kupuuzwa. Anayeandika Kiswahili bora anaweza kusomwa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura. Anayeandika cha mtaa wake anaweza kubaki mtaani.

Jibu la kwanza ni kwamba si lazima kuchagua kimoja na kutupa kingine. Msimulizi wangu anatumia Kiswahili bora. Wahusika wanasema cha kwao. Msomaji wa mbali anaongozwa na usimulizi, kisha anasikia sauti zetu njiani. Mwandishi mwingine anaweza kuamua hata msimulizi awe mtu wa Lubumbashi. Hilo ni gumu zaidi, lakini ni halali.

Jibu la pili linatoka pwani yenyewe. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* akiwa gerezani nchini Kenya, na aliyatunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Wasomaji walioshindwa na maneno fulani waliyatafuta maana. Sisi nasi, tunaposoma maandishi ya Zanzibar, tunajifunza msamiati ambao hatukuzaliwa nao. Hakuna sababu safari hiyo iwe ya upande mmoja.

Jibu la tatu ni la Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikerewe. Hakuingoja pwani impe ruhusa. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971, inaanzia kisiwani kwao, na leo hatuwezi kufundisha riwaya ya Kiswahili bila kumtaja. Mwandishi wa bara anaweza kuipanua lugha akiwa amesimama kwao.

Kosa au uamuzi?

Linabaki swali la alama. Hadithi yangu mpya ilirudi kutoka kwa mwalimu mmoja ikiwa na mistari myekundu chini ya kila *eko*. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea kwa heshima, nikiwa na karatasi yenye zile sifa nne na kanuni ya kila moja. Tulizungumza nusu saa. Aliniambia jambo ambalo nimelishika: kosa ni lile ambalo mwandishi hawezi kulieleza. Ukiweza kusema kanuni yako, na ukaifuata tangu mwanzo hadi mwisho, huo ni uamuzi, na msomaji atauhukumu kama uamuzi. Aliongeza kwamba katika mtihani wa sarufi nisithubutu kumletea *eko*. Yote mawili ni kweli.

Ndiyo maana anayetaka kuandika Kiswahili cha nyumbani anahitaji kukijua Kiswahili bora vizuri zaidi. Asiyejua mpaka uko wapi hawezi kuuvuka kwa makusudi.

Kuhusu wakati wa kuandika, wengi wetu tunalalamika kwamba hatuna. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na baadaye aliendelea na kazi katika ofisi nyingine za serikali. Wengi wetu nasi tutaandika tukiwa walimu, makarani au wauzaji. Tusilihesabu hilo kuwa hasara tupu. Mwandishi wa mazungumzo anafanya kazi yake ndani ya basi, kwenye foleni ya maji, hospitalini, dukani. Mimi sasa ninatembea na daftari dogo. Siandiki mawazo yangu humo. Ninaandika sentensi za watu, moja au mbili kwa siku, kama zilivyosemwa.

Nilimsomea mama ile hadithi tena. Safari hii hakuuliza habari za Tanzania. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kuhusu mahali pale ambapo mama anamweleza mwanawe shida zote za nyumba: "Muntu eko na njala hasemaka mingi." Nilirudi mezani nikafuta mistari sita ya mazungumzo. Ilibaki ile moja ya makuta, na mkono unaofungua fundo.